Mwaka wa Magauni Kumi na Moja

3 Februari

Kaka,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, na kwa kila anayelala chini ya bati lenu, yule paka mwizi akiwemo kama bado hajakamatwa. Sisi huku wazima. Mpwa wako amepata kazi kwenye duka la dawa. Anavaa koti jeupe, na siku hizi nikikohoa ananihoji kama polisi. Kiwandani kazi zimejaa, maana kila mzazi amekumbuka sare siku moja. Wameleta mashine ya kukata vitambaa, inakata mia kwa mpigo mmoja, na sisi mafundi tunaitazama tumekunja mikono kama wageni waalikwa.

Sasa la gauni. Kitambaa cha mwaka huu nimeshakipata, bluu yenye madoa meupe, chepesi, hakichomi shingoni. Chukua tepu umpime Mama, uniandikie kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono na urefu. Usikadirie kwa macho kama unavyokadiria vichwa vya wateja wako.

Jambo jingine. Kila Jumapili napiga simu, na kila Jumapili unaniambia kalala. Saa nne asubuhi kalala, saa kumi jioni kalala. Ni Mama huyu huyu aliyekuwa akitung'oa kitandani kabla jogoo hajakohoa? Mwamshe siku moja nimsikie.

Mwaka huu sitaweza kuja, kwa ajili ya hizi sare. Mwakani nitajitahidi.

Mdogo wako

26 Februari

Kitinda wetu,

Barua yako imechukua wiki mbili na ushee, nadhani ilikuja kwa miguu. Sote wazima. Paka hajakamatwa, na wifi yako ameanza kuamini kwamba ana wakili. Mpe hongera mpwa wangu, mwambie mjomba wake ana goti linalolia ngazini na angependa ushauri wa bure.

Kinyozi naendelea. Wiki iliyopita aliingia bwana mmoja na mwanawe. Nikamtazama yule bwana kisogoni, nikaona kovu. Kovu lile nililitia mimi kwa wembe, alipokuwa mdogo kuliko huyo mwanawe. Nikamuuliza umri, akasema arobaini na moja. Ilibidi nikae kwenye kiti cha wateja. Kwamba mimi nina hamsini na tisa sikatai, lakini sikujua kuwa na wengine wanaongezeka umri. Vijana sasa wanataka kuchorwa mistari kichwani, nami nimejifunza kuichora. Siku hazigandi, ukigoma, kiti kinabaki kinaota vumbi.

Mama hajambo, anakusalimu. Unajua yeye hana kalenda, ana kabati. Juzi nilimuuliza ni lini tuliezeka upya, akasema mwaka wa gauni la njano. Mjukuu wangu alizaliwa mwaka wa gauni la mistari. Kila mwaka ameupa jina la gauni ulilomshonea, na hadi leo sijamkuta amekosea.

Vipimo ndivyo hivi: kifua 42, kiuno 38, nyonga 46, bega 16, mkono 12, urefu 47.

Kuhusu usingizi, wazee hulala. Hata mimi nikinyamaza muda mrefu, macho yanafumba yenyewe.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Natumaini goti limetulia. Mpwa wako anasema upunguze uzito, na kwamba ushauri huo ni wa bure kwa sababu hakuna atakayeununua. Hapa mvua imenyesha siku nne, nguo hazikauki.

Nimekawia kukujibu kwa sababu kitambaa kiko mezani na sijakikata. Unajua lile bati la biskuti ninamoweka barua zako. Nimezitoa na kuzipanga kitandani barua nne za vipimo, ya mwaka huu na za miaka mitatu iliyotangulia. Arobaini na mbili, thelathini na nane, arobaini na sita, kumi na sita, kumi na mbili, arobaini na saba. Zote nne.

Kaka, mimi nimepima watu miaka thelathini. Mtu hula, huugua, hufiwa, huolewa, na tepu huyajua yote kabla ya majirani. Sijawahi kumpima mtu mzima miaka minne mfululizo nikapata namba sita zile zile. Asiyebadilika ni yule mwanasesere wa mbao tunayemvisha nguo dirishani. Yeye, na maiti.

Neno hilo limeshatoka na siwezi kulirudisha. Mama yu hai? Nijibu hilo tu. Mengine tutayazungumza taratibu.

Mdogo wako

19 Aprili

Kitinda,

Yu hai. Nakuapia. Leo asubuhi amekunywa chai na kulalamika kuwa haina sukari, na sukari ilikuwemo. Naandika huku nimesimama dukani, mteja ana povu kidevuni, ili barua hii iwahi posta.

Ya vipimo niachie kwanza. Kuna mtu nilimwahidi.

Na mimi nina swali langu. Nani alishona magauni mawili ya mwisho? Gauni likifika Mama halitazami, hulipapasa. Anapindua pindo upande wa kushoto, anatafuta ile mishono mitatu iliyopishana aliyokufundisha uwe unaiweka. Mwaka juzi aliitafuta pindo zima, hakuiona. Mwaka jana akaitafuta tena. Unajua mwaka ule ameuitaje? Mwaka wa mkono wa mtu mwingine.

Kaka yako

14 Juni

Kaka,

Hamjambo? Wifi hajambo? Karibu miezi miwili sijakuandikia, na kwenye simu nimekuwa nikizungumza mvua kama mtangazaji wa hali ya hewa. Barua hii nimeianza mara nne.

Herufi zangu zimenenepa, nadhani umeshaona. Macho yangu yana ukungu, kaka. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, la kulia na la kushoto. Yameanza miaka miwili na nusu iliyopita. Nikishika sindano naona sindano isiyo na tundu. Kiwandani walinivumilia mpaka nikashona mfuko wa suruali ukafunga kabisa, mkono hauingii. Hapo wakanitoa kwenye cherehani wakanipeleka kwenye pasi. Pasi haihitaji macho, inataka mkono, na mkono bado ninao. Magauni yale mawili kashona mwenzangu tunayemwita Fundi Mrefu. Mimi nilikata kwa kupapasa, nikanyoosha, nikafunga kifurushi, nikaandika jina langu. Ile mishono mitatu sikumwomba aiweke. Ingekuwa kughushi.

La pili linauma zaidi. Zile namba sikuzigundua mwaka huu. Nilizigundua mwaka juzi. Nilisoma barua yako nikasema moyoni, hizi ni za mwaka uliopita, huyu kanakili. Badala ya kukuuliza nikafurahi. Nilipoondoka nilimwambia Mama nakwenda mwaka mmoja tu, narudi. Umepita wa kwanza, ukaja wa oda kubwa, ukaja wa ada za mpwa wako, na mingine hata sikumbuki ilikuwa na sababu gani. Haikupita kama miaka, kaka. Ilipita kama wiki zenye kazi nyingi. Na kila ulipoandika arobaini na mbili nilipumua. Nilijiambia, maadamu kifua cha Mama ni arobaini na mbili, basi mimi bado sijachelewa.

Kwa hiyo sikulaumu. Ulinidanganya, nami nilikuwa mnunuzi. Sasa niambie ukweli.

Mdogo wako

27 Juni

Kitinda wetu,

Wifi yako amesoma barua yako kabla yangu, kama kawaida yake, akaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo hatukuwa navyo. Sisi ni wazima wa mwili.

Niliyemwahidi ni Mama. Mwaka juzi, mwaka wa pili wa zile barua zako nne, nilimfuata na tepu, akanishika mkono. Akasema, "Andika zile zile." Nikamwambia, "Mama, umepungua." Akasema, "Najua, mwili ni wangu. Lakini aliniacha nikiwa hivi, akirudi anikute hivi. Ukimwandikia nimepungua atakuja kwa kuogopa. Nataka aje kwa kunitamani." Ningefanyaje? Nikaandika. Mwaka uliofuata sikubisha hata kidogo, nilichukua barua ya zamani nikaigeza. Magauni yako yanapofika wifi yako anayabana kwa pini mgongoni. Ukimtazama Mama kwa mbele yamemkaa. Kwa nyuma ni kama nguo ziko kwenye kamba.

Leo nimempima usingizini, Mungu anisamehe. Kifua 35. Kiuno 31. Nyonga 38. Urefu sikuupata, kwa kuwa alikuwa amejikunja.

Na kweli analala sana, hapo sikukudanganya. Lakini akiamka, mara nyingine anaamkia mwaka mwingine. Wiki iliyopita aliniuliza kwa nini Baba hajarudi kazini na jua limezama. Zamani nilikuwa namsahihisha, nikawa namfisha Baba upya kila jioni, na kila jioni analia upya. Sasa namwambia yuko njiani. Anatulia. Baadaye anarudi mwenyewe huku tuliko, anauliza bei ya sabuni. Nimezoea. Nimegundua kuwa anayeteseka kwa kuchanganya miaka si yeye, ni mimi niliyetaka aipange.

Tangu mwezi wa tatu, siku za kwake na siku za huku zinakaribia kulingana. Sijui mwezi wa kumi na mbili zitakuwaje. Sijakuomba uje miaka yote hii, nikijiambia dada ana maisha yake, mimi nitaweza. Kinyozi hajinyoi, mdogo wangu. Njoo.

Na usiniandikie tena lile neno lako "mwakani".

Kaka yako

10 Julai

Kaka,

Usimpime tena. Nimeomba likizo, wamenipa wiki tatu, nadhani wamefurahi. Nafika Jumatano ya mwisho ya mwezi huu jioni na kitambaa changu, bado hakijakatwa. Mkasi wa nyumbani utafutwe, usiwe wifi anaukatia majani ya uani.

Usimwambie Mama kwamba nakuja. Akiwa siku ya huku ataniona. Akiwa siku nyingine nitamsubiri.

Mdogo wako

1 Septemba

Kitinda wetu,

Tunashukuru kwa simu kuwa ulifika salama. Wifi yako anasema nyumba imekuwa kubwa ghafla. Paka alikuzoea sana, sasa hataki kuiba, anakaa mlangoni tu.

Kuna jambo nataka kuliandika lisije likanibadilikia mdomoni, maana nimeshawasimulia wateja wengi na kila nikisimulia linapendeza zaidi.

Asubuhi ile ya kwanza ulipomwamkia, alikuitikia vizuri sana kisha akakuuliza, "Mgeni, umepewa chai?" Nilikuwa mlangoni. Uso wako niliuona, na kama ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Wewe ukasema, "Nimepewa, Mama, asante." Ukatoa tepu. Ukampima kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, begani, kifuani, mgongoni, unapita polepole kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ulipofika kiunoni ukazibana pini tatu mdomoni, tabia yako ile ile. Naye bila hata kugeuka akasema, "Toa pini mdomoni. Nimekukataza mara ngapi? Utameza moja nianze kuzunguka na wewe hospitali."

Ukazitoa. Zikaanguka, na sisi watu wazima wawili tukapiga magoti kuziokota. Mama akatucheka.

Hili la pili hukuliona, ulikuwa umeinama. Ulipojaribu kutunga uzi mara ya tano ukakosa, alikuwa anakutazama. Alikuwa huku kabisa, siku ya leo. Akanyoosha mkono akakunyang'anya sindano. Mimi mwenyewe tundu lile silioni, lakini yeye, na miaka yake yote hiyo, aliupitisha uzi mara moja akakurudishia kama anayekabidhi zamu. Wiki nzima mkashona hivyo, anatunga, unashona. Lile gauni la bluu hajalivua kwa hiari tangu uondoke. Jana nilimwona kapindua pindo, anaipapasa ile mishono mitatu. Nikamuuliza mwaka huu unaitwaje. Akasema, "Mwaka huu una jina lake. Mwaka wa kuja kwa binti yangu."

Mara nyingine ananiuliza umekwenda wapi. Mara nyingine anasema hujafika bado. Hilo la pili halinisumbui tena, maana akilisema huwa anatengeneza mto wa kitanda chako.

Sasa fungua hiki kitambaa polepole, kina ncha. Nilimweleza Mama kuhusu upasuaji wako wa mwezi wa kumi, kwamba mpaka macho yapone hutaweza kutunga uzi. Akaomba sindano na uzi mweupe. Nikamletea sindano kumi na mbili, nikamwambia, tunga zote, moja ya kila mwezi, zimtoshe mpaka arudi mwakani. Akatunga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akafunga kibweta chake cha sindano.

Nikamwambia, "Mama, mwaka una miezi kumi na miwili."

Akasema, "Mwaka wa watu. Wa huyu mtoto naujua urefu wake. Aliniambia mwaka mmoja, nikavaa magauni kumi na moja. Mpelekee hizo tatu. Zikiisha aje nimtungie nyingine."

Nimezituma kama zilivyo. Uzi kaukata mrefu, lakini usijidanganye, nimeupima, haufiki mwaka.

Kaka yako

22 Novemba

Kaka,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa mlinzi wa mlango. Nilichelewa kuandika kwa kuwa daktari alinikataza kuinama. Mpwa wako alikuwa ananisomea magazeti kwa sauti ya duka la dawa, hata habari za mpira zilisikika kama maelekezo ya kumeza vidonge.

Jicho la kulia limefunguka. Siku walipotoa bandeji nilimwona mwanangu, nikaona ana mistari miwili kwenye paji la uso. Sijui imekuja lini. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii. Nikajitazama na mimi kwenye kioo, nikakuelewa ulivyokwenda kukaa kwenye kiti cha wateja.

Kiwandani wamesema cherehani yangu ipo nikiitaka. Nimewaambia nitaitaka kwa nusu mwaka tu. Nusu nyingine niko nyumbani. Walinung'unika, kisha wakakubali. Kumbe ilikuwa ni kusema tu. Miaka kumi na moja sikujaribu kusema.

Sindano za Mama nimezitumia zote. Ya kwanza kwa kola ya koti la mpwa wako, ya pili kwa mapazia. Ya tatu nilishonea begi la safari, mkanda wake ulikuwa umeachia. Tiketi ni ya Jumamosi ya pili ya Desemba.

Jana, kabla sijaanza kufunga mizigo, nilichukua sindano na uzi nikaenda dirishani kujaribu jicho. Uzi umeingia mara ya kwanza. Nimeuchomoa.

Usimwambie Mama. Nakuja na sindano tupu tatu.

Mdogo wako